Injini Iliyokuwa Chini ya Majedwali

Stima ya Silanga miaka ile haikuwa ya kutegemewa. Kijiji chetu kiko upande wa chini wa Kibera, kwenye mteremko unaoishia Bwawa la Nairobi, na nyaya zilizotuletea umeme zilikuwa zimeshapita juu ya mabati ya watu wengi kabla ya kufika kwetu. Mvua ikinyesha zinagusana na kutoa cheche. Mtu wa juu akiwasha mashine ya kuchomelea, taa zetu zinafifia, zinarudi, zinafifia tena, halafu giza. Mpishi wa chapati aliendelea na jiko lake la makaa, kinyozi akamalizia kichwa cha mteja kwa makasi. Mimi nilibaki mbele ya skrini nyeusi nikijiuliza ni kipi kilichokwisha kuandikwa na ni kipi kilichopotea njiani.

Nazungumzia kati ya 2009 na 2011. Huo ndio wakati watu wa Soweto East, kijiji kingine cha Kibera, walipoanza kuhamishiwa maghorofa ya Lang'ata chini ya mradi wa serikali wa kuboresha makazi, na vijana wenye vifaa vya GPS wakapita vichochoroni mwetu wakichora ramani ya Map Kibera, kijiji baada ya kijiji. Nilikuwa nafanya kazi kwenye saiba ndogo ya mabati, na kwenye kona ya saiba hiyo kulikuwa na kompyuta ambayo haikuguswa na wateja. Ilikuwa ya chama.

Chama chenyewe kilikuwa cha akina mama, na wanaume wachache waliokubali masharti yao: wauza maji kwa mitungi, wauza mboga, mafundi wa nguo, mama mmoja wa mtumba wa viatu. Walikutana Jumapili alasiri. Kila mtu alitoa mchango wake, waliokopa walirejesha, waliochelewa walitozwa faini, kisha mkopo mpya ukatolewa papo hapo mbele ya macho ya wote. Mweka hazina alikuwa mama wa makamo aliyeuza omena, na daftari lake la kaunta aliliandika kwa kalamu mbili, ya bluu kwa pesa inayoingia na nyekundu kwa inayotoka. Kompyuta ilipokuja hakuliacha daftari. Wanakamati walimwambia anajichosha bure. Akajibu kwamba mkono wake bado una nguvu.

Kompyuta hiyo ilikuwa Pentium 4 ya mtumba yenye memori ya megabaiti 512. Programu ya chama iliandikwa na mwanafunzi wa chuo kimoja cha mjini kama mradi wake wa kumalizia masomo, kwa PHP juu ya MySQL, akahitimu na kwenda zake mkoa mwingine. Alituachia flash yenye faili ya SQL ya kuundia majedwali, pamoja na kurasa kadhaa zilizochapwa vizuri na kushonwa pembeni. Kijana yule alikuwa makini, na nalisema hili mapema kwa sababu yaliyofuata yanaweza kumfanya msomaji amlaumu.

Dalili ya kwanza tuliizoea haraka. Stima inapotea, inarudi, unafungua ukurasa wa marejesho, MySQL inakuambia kwamba jedwali limeharibika na litengenezwe. Unaandika REPAIR TABLE, unasubiri kidogo, jedwali linafunguka. Kila fundi wa wakati huo aliijua amri hiyo, na wengi wetu tuliona ni jambo la kawaida tu, kwamba hifadhidata ni kitu kinachovunjika na kuungwa.

Dalili ya pili ndiyo iliyoleta maneno. Mwanachama akirejesha mkopo, programu ilifanya kazi tatu mfululizo: inaandika mstari mpya kwenye jedwali la marejesho, inapunguza salio lake kwenye jedwali la mikopo, inaongeza pesa kwenye jedwali la hazina. Kazi tatu za sekunde moja, lakini sekunde hiyo moja ilitosha stima kupotea katikati. Jumapili moja mama mmoja wa maji alisimama mkutanoni. Alikuwa amelipa shilingi 500, na mashine ilikuwa inasema deni lake liko palepale.

"Kijana wangu," aliniambia, "hicho chombo chako kinanidai. Mimi nililipa, na huyu mama aliniandikia."

Mweka hazina akafungua daftari, na kweli, shilingi 500 ilikuwa pale kwa wino wa bluu. Ingefaa maneno yaishie hapo. Lakini sauti moja kutoka nyuma iliuliza kwa nini kitabu na mashine havikubaliani, na kama havikubaliani, nani anajua pesa imepitia wapi. Mweka hazina hakujibu. Mwanamke ambaye kwa miaka alikuwa amebeba pesa za wenzake kwenye kanga bila kupungukiwa na ndururu alitazamwa na nusu ya mkutano kama mshukiwa. Mpaka leo nikikumbuka nyuso zile nasikia uchungu.

Mitaa yetu haikosi watu wa msaada ukiuliza vizuri. Kulikuwa na kaka mmoja wa kijiji cha Laini Saba aliyekuwa ameajiriwa mjini kuandika programu. Nilimfuata, naye akaja jioni moja baada ya kazi, bado na begi mgongoni. Nilimwonyesha faili ya SQL ya yule mwanafunzi. Kila jedwali lilimalizika kwa maneno ENGINE=InnoDB. Nikamwonyesha na programu yenyewe: kabla ya zile kazi tatu kulikuwa na START TRANSACTION, na baada yake COMMIT. Maana yake ni kwamba zote tatu zifanyike au isifanyike hata moja. Kwenye karatasi hakukuwa na kasoro.

Kaka alisoma, akatikisa kichwa kukubali. "Aliyeandika hii alijua anachotaka," akasema. "Sasa tuiulize seva yenyewe imempa nini."

Watu huizungumzia hifadhidata kama kitu kimoja, na MySQL haiko hivyo. Juu kuna sehemu inayopokea maswali na kuyaelewa. Chini yake kuna injini inayosoma na kuandika diski, na kila jedwali linaweza kuwa na injini yake tofauti na ya jirani. Ukiwa juu huoni tofauti. Swali lilelile linajibiwa, mistari ileile inatokea, kurasa zinachapika. Ndiyo maana tuliishi na ile kompyuta muda wote huo bila kushuku lolote.

Alifungua dirisha jeusi la amri, akachagua hifadhidata ya chama, akaandika SHOW TABLE STATUS. Jibu lilikuja na safu nyingi kuliko upana wa kioo chetu, likajikunja na kuwa fujo ya mistari na vibao. Akairudia amri, safari hii akiimalizia kwa \G badala ya nukta-mkato, na kila jedwali likashuka wima, jambo moja kwa mstari. Jina: hazina. Injini: MyISAM. Jina: marejesho. Injini: MyISAM. Jina: mikopo. Injini: MyISAM. Akashuka hadi mwisho kwa kidole juu ya kioo. Hakukuwa na InnoDB hata moja.

Kisha akanifundisha njia iliyo safi zaidi, ambayo ilikuwapo tangu toleo la 5.0: kuuliza information_schema, hifadhidata inayoeleza hifadhidata nyingine. Unachagua TABLE_NAME na ENGINE kutoka jedwali lake la TABLES, ukitaja jina la hifadhidata yako, na unapata safu mbili tu, jina na injini. Nilichukua kalamu nikaiandika nyuma ya risiti ya tokeni za stima. Mwishowe akanifungulia folda ambamo MySQL huweka data, nijionee bila amri yoyote: kwa kila jedwali letu kulikuwa na faili inayoishia .MYD yenye data na nyingine inayoishia .MYI yenye faharasa. Hizo ni alama za MyISAM. Zilikuwa pale siku zote.

Nilimuuliza mbona faili ya mwanafunzi inasema InnoDB. Akaandika SHOW ENGINES. Mstari wa InnoDB ulikuwa na neno DISABLED. Tukafungua faili ya mipangilio ya MySQL, na humo, kati ya mistari mingi, tukakuta skip-innodb. Aliyesakinisha MySQL kwenye kompyuta ile, kabla haijawa yetu, alikuwa ameizima InnoDB ili kuokoa memori. Kwa mashine ya megabaiti 512 ulikuwa uamuzi wa kawaida, na miongozo mingi ya wakati huo iliupendekeza. Faili ya mwanafunzi ilipoletwa ikaomba InnoDB, MySQL haikukataa. Ilitengeneza majedwali kwa MyISAM, ikatoa onyo, ikaendelea. Kuna mpangilio unaoitwa NO_ENGINE_SUBSTITUTION unaoilazimisha seva ikatae kabisa katika hali kama hiyo, lakini kwetu haukuwa umewashwa. Mimi naona seva inayopewa pesa za watu ingepaswa kukataa tangu mwanzo.

Kaka hakutaka niamini kwa maneno. Aliandika START TRANSACTION, akaingiza rejesho la uongo la shilingi moja, kisha akaandika ROLLBACK, yaani futa yote. Akauliza jedwali. Ile shilingi moja ilikuwa pale, haijaguswa. Onyo moja lilikuwa limepita chini ya amri, kwa herufi ndogo. Basi hivyo ndivyo ulivyokuwa ulinzi wote ambao yule kijana aliuandika kwa uangalifu. Maneno yalipokelewa kwa adabu na injini isiyoijua miamala, na masharti yaliyounganisha jedwali moja na jingine yalisomwa yakaachwa bila hata onyo.

Siyo kwamba MyISAM ilikuwa takataka. Ilikuwa injini ya chaguo-msingi ya MySQL kwa miaka, nyepesi, yenye kasi ya kusoma, na kwa matoleo ya wakati huo ndiyo pekee iliyoweza kutafuta maneno ndani ya maandishi marefu kwa faharasa maalumu. Kwa tovuti ya habari ingetosha sana. InnoDB ilitengenezwa Finland na Heikki Tuuri na kampuni yake Innobase, ambayo Oracle iliinunua 2005. MySQL yenyewe ilinunuliwa na Sun 2008 kwa dola bilioni moja, na Oracle ikakamilisha kuinunua Sun mwanzoni mwa 2010. Desemba mwaka huohuo toleo la 5.5 likatoka, na kwa mara ya kwanza InnoDB ikawa chaguo-msingi. Sisi tulikuwa bado kwenye 5.0, kwenye mteremko wa bwawa, na hakuna aliyetutumia habari.

Tofauti iliyotuhusu iko kwenye mpangilio wa kuandika. MyISAM huandika moja kwa moja kwenye faili ya data, na sehemu ya faharasa husubiri kwenye memori. Stima ikikatika, faili na faharasa hazikubaliani, na hakuna popote palipoandikwa nini kilikuwa kinaendelea. InnoDB huanza na logi. Wakala wa M-Pesa wa siku zile alifanya vivyo hivyo: kabla pesa haijatoka mkononi mwake, anaandika daftarini kiasi, nambari na saa, wewe unaweka sahihi. Kibanda kikivamiwa na mvua, daftari linasema muamala gani ulikamilika na upi haukukamilika. InnoDB ikiamka baada ya giza husoma logi yake, hukamilisha yaliyothibitishwa, huyafuta yaliyoishia njiani.

Tulifanya kazi ya kubadilisha usiku wa manane, kwa kuwa majirani wakilala stima hutulia. Kwanza nakala ya kila kitu kwenye flash mbili, moja ikaenda nyumbani kwa mweka hazina. Kisha tukaisimamisha MySQL, tukaufuta ule mstari wa skip-innodb, tukaiwasha. Kwenye folda zikatokea faili mpya, ibdata1 na mbili za logi. SHOW ENGINES sasa ilisema YES. Nikaandika ALTER TABLE mikopo ENGINE=InnoDB, nikapiga Enter. Diski ililia kwa muda, mistari ikanakiliwa, ikaisha. Tukaenda jedwali moja baada ya jingine, yale yote yenye pesa.

Pagumu palikuwa kurudisha masharti ya kuunganisha majedwali. MyISAM haikuwa imeyahifadhi, kwa hiyo tulijaribu kuyaweka upya, na InnoDB ikakataa. Kulikuwa na marejesho ya wanachama ambao hawakuwapo kwenye jedwali la wanachama. Kaka aliandika swali la kuyatoa yote, yakashuka kwenye kioo, na hapo ndipo mweka hazina alipohitajika kuliko sisi sote. Alikuja asubuhi kabla ya kwenda kuuza omena, akaketi, akafungua daftari. Nilimsomea tarehe na kiasi, naye akapita na kidole. "Huyu alihamia maghorofani Lang'ata, mkamfuta." "Huyu nambari yake mmeigeuza, ni 31, siyo 13." "Huyu subiri." Alirudi nyuma kurasa kadhaa. "Huyu alilipa mara mbili siku moja, moja yake, moja ya dada yake."

Mstari kwa mstari, mpaka hakikubaki kitu. Kisha tukapita kwenye masalio ya mikopo, na kila mahali daftari na mashine vilipotofautiana palikuwa na siku ambayo stima ilikatika katikati ya mkutano. Mweka hazina aliikumbuka kwa sababu walimalizia kwa mshumaa. Ile shilingi 500 ya mama wa maji ilikuwa kwenye marejesho na haikuwa kwenye hazina. Muamala ulikatika baada ya hatua ya kwanza. Jumapili iliyofuata mwenyekiti alisoma orodha yote kwa sauti, jina na kiasi, na yule aliyeuliza kutoka nyuma ndiye aliyependekeza mweka hazina apigiwe makofi. Alipigiwa. Naye akaomba waendelee na ajenda.

Wanakamati walitaka kuona kwa macho. Tukaandaa rejesho la majaribio, tukasimamisha programu baada ya hatua ya pili, na mwenyekiti mwenyewe akachomoa waya ukutani. Tulipowasha, MySQL ilichukua muda kuliko kawaida. Kwenye logi ya makosa iliandika kwamba hifadhidata haikufungwa ipasavyo na inaanza kujirekebisha. Tukafungua majedwali. Rejesho la majaribio halikuwapo popote, wala kwenye marejesho wala kwenye mikopo. Mweka hazina hakuridhika na hilo peke yake. Aliuliza kuhusu yale yaliyokamilika kabla ya waya kuchomolewa, akayataka yasomwe moja moja, na yote yalikuwapo.

Wiki chache baadaye akanijia na wasiwasi. Alikuwa amejifunza kuangalia SHOW TABLE STATUS, na kando ya jina na injini aliona idadi ya mistari. "Marejesho yamepungua," akaniambia, "na jana yalikuwa mengi zaidi." Hakukosea kuona. MyISAM hujua idadi kamili ya mistari yake na kuionyesha hapo, ilhali InnoDB huonyesha makadirio, na makadirio hubadilika hata kama hakuna aliyegusa kitu. Nikamwonyesha SELECT COUNT(*), ambayo huhesabu kweli. Tangu hapo akawa anataka hiyo tu, na akaiweka nambari yake chini ya kila ukurasa wa daftari.

Baadaye nilipata kazi ya kusaidia rekodi za kliniki, na huko nikaikuta OpenMRS, mfumo ulioanza kutumika Eldoret 2006 kwa ajili ya wagonjwa wa mpango wa matibabu wa AMPATH, na ambao juu yake mfumo wa rekodi wa KenyaEMR ulijengwa 2012. Data yake iko kwenye MySQL, na majedwali yake yameandikwa kwa InnoDB, kwa masharti mengi ya kuunganisha mgonjwa na ziara yake na dawa zake. Kila nilipofika mahali papya, kabla ya kuuliza nywila ya Wi-Fi, niliuliza information_schema. Dozi ya ARV iliyoandikwa nusu ni jambo zito kuliko shilingi 500.

Chama kilinunua kompyuta nyingine 2013, yenye MySQL 5.5. Wanakamati walikuwa wamesikia kwamba toleo hili linatumia InnoDB lenyewe, hivyo wakaona kazi imeisha. Nilihamisha data kwa mysqldump na kuirudisha upande wa pili. Mweka hazina akaketi kando yangu na kutaka ile orodha ya safu mbili. Majedwali yote yalisema InnoDB, isipokuwa mahudhurio. Hilo tulikuwa tumeliacha kwenye MyISAM tangu ule usiku, kwa kuwa halikuwa na pesa ndani yake, na mysqldump huandika injini ya kila jedwali kama ilivyolikuta. Chaguo-msingi jipya huyahusu majedwali yanayozaliwa bila kutajiwa injini, na letu lilikuja limetajiwa.

Nilimweleza hivyo, nikaongeza kwamba mahudhurio yanaweza kubaki yalivyo.

"Mwanangu, faini inatoka wapi?" akaniuliza. "Si kwenye mahudhurio? Libadilishe na hilo."

Nikalibadilisha, nikauliza tena, na tukapita kwenye orodha pamoja kutoka juu hadi chini kabla hajaniruhusu kufungua mkutano wa siku hiyo kwenye mashine mpya.